Maji ya Moto kwa Ubatizo wa Mama

Wiki iliyopita mvua ilitoboa paa la stoo yetu hapa mtaa wa Fedha, na fundi akaleta turubai la lori la kufunikia vitu mpaka arudi na mabati. Alilitandaza uani likiwa bado limelowa. Jua likatoka, na jirani upande wa pili wa ukuta alikuwa anawasha jiko la makaa. Harufu ya turubai lenye maji likipashwa na jua, imechanganyika na moshi wa makaa, ilinikalisha kwenye ngazi na kikombe changu cha chai mkononi. Fundi akaniuliza, "Mathe, uko poa?" Nikamwambia niko poa. Ukweli ni kwamba nilikuwa mtoto tena katika mtaa wa Jericho, magoti yana vumbi, na mama yangu yuko hai.

Wenzangu mliokulia nyumba za kaunsili mnajua maji ya siku zile yalivyokuwa na maringo. Yalikuja yakitaka na kuondoka bila kuaga. Mfereji ukikohoa tu, akina mama walitoka mbio na mitungi, mmoja ana povu la sabuni mkononi, mwingine ana mtoto kiunoni. Sisi tulikaa chumba kimoja na jikoni, mimi na mama na Susu. Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Baba alikuwa mchongaji vinyago na alifariki kabla sijajua kusema jina lake. Mama alikuwa karani katika ofisi moja mjini, na alikuwa mwanamke wa maneno. Ukimtuma sokoni kununua vitunguu, ujue vitunguu hivyo vitapikwa kesho, maana hakumpita mtu bila kumsalimia, na hakumsalimia mtu bila kuuliza habari za nyumbani kwao mpaka mbuzi.

Kisha akaanza kukohoa. Watu wazima walisema ni kifua. Wakishasema kifua walinyamaza, na walinyamaza kwa namna iliyonifundisha nisiulize zaidi. Mama alikonda, akaacha kazi, na mikono yake ikatoka madoa meusi yaliyomwasha usiku na mchana. Wale aliokuwa akiwasalimia wakaanza kupita na upande wa pili wa barabara. Nilidhani wameudhiwa na jambo fulani na kwamba siku moja watasahau.

Ambaye hakupita upande wa pili ni Mama Atieno. Alikuwa jirani yetu wa ukutani, mama wa watu kutoka magharibi, mfanyakazi wa kiwanda cha blanketi, mwenye sauti ambayo ungeisikia akiwa mtaa wa Uhuru na wewe uko Jericho. Alikuwa ameokoka, na hakuna mtu katika mtaa ule ambaye hakuwa na habari. Kila jioni akitoka kazini aliingia kwetu na uji, akaosha vyombo vyetu huku anaimba.

"Mama Mueni, kunywa uji," alimwambia mama. Mueni ni mimi.

"Mama Atieno, usije ukaniletea Mungu kwa sababu naumwa," mama alimjibu siku ya kwanza.

"Nani amekuletea Mungu? Mimi nimeleta uji. Mungu alikuwa hapa nikikuja."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Na kweli, Mama Atieno hakumhubiria. Aliosha sufuria, akaimba, akaenda. Ilipita miezi. Jioni moja mama aliweka kikombe chini akasema, kana kwamba anazungumzia kwenda kununua mkate, "Jumapili nitakuja na wewe." Wimbo ulikatika pale kwenye beseni la vyombo. Nakumbuka jinsi Mama Atieno alivyobaki amesimama, sahani inadondosha maji, na machozi yanamtoka bila yeye kujali.

Kanisa lao lilikuwa la mabati, nyuma ya soko. Mchungaji alikuwa dereva wa lori la simiti siku za kazi, na Jumapili akivaa suti bado ungeona vumbi la kijivu kwenye nyusi zake. Alipouliza ni nani anataka kumpa Yesu maisha yake, mama alisimama kabla mchungaji hajamaliza sentensi. Hakulia, hakuanguka. Alisimama ameshikilia benchi la mbele, na uso wake nilikuwa sijauona hivyo kwa muda mrefu. Ulikuwa uso wa mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Vita vilianza tuliporudi nyumbani, mama aliposema atabatizwa. Susu alikuwa mtu wa kanisa la misheni tangu usichana wake, mwenye kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa alichokipiga pasi kila Jumamosi. Kwake yeye mama alikuwa ameshabatizwa zamani.

"Nilikubeba mgongoni kutoka nyumbani mpaka misheni," Susu alisema. "Jua kali, na mimi nina njaa. Mchungaji akakumwagia maji hapa kwa paji la uso, ukalia, watu wakapiga vigelegele. Yale maji yalikuwa na makosa gani?"

"Hayakuwa na makosa, Mwaitu." Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na mama yangu alitumia neno hilo alipotaka kupigana kwa upole. "Yale uliniombea wewe. Haya nataka kuyaomba mwenyewe."

"Na hiyo baridi? Unataka kuzamishwa kwa maji na hicho kifua? Watakutoa huko umekufa, halafu waimbe!"

"Basi waimbe vizuri."

Susu alitoka nje akakaa juu ya mtungi mtupu, ametugeuzia mgongo. Alisema hatakanyaga huko. Kwa siku kadhaa waliongea kupitia kwangu. Mueni, mwambie mama yako chai iko tayari. Mueni, mwambie Susu nimeiona.

Mimi nilikuwa upande wa mama, tena kwa moyo wote, lakini kwa sababu zangu. Katika shule ya Jumapili ya kanisa lile la mabati, mwalimu alikuwa ametusimulia habari za jemadari mkubwa aliyekuwa na ukoma. Nabii alimwambia akajichovye mtoni mara saba. Jemadari alikasirika kwanza, akaona mto wenyewe ni mchafu, lakini watumishi wake wakambembeleza, akaingia. Alipotoka mara ya saba, ngozi yake ilikuwa laini kama ya mtoto mdogo. Nilikaa kwenye mkeka pale nikahisi nywele zinanisimama. Mwalimu hakujua amenipa nini. Mama ana madoa mikononi, mama anaenda kuingizwa majini. Mimi sikuhitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Nilimwambia mtu mmoja tu, Atieno, mtoto wa Mama Atieno, rafiki yangu wa kufa na kuzikana.

"Mara saba?" Atieno alishangaa. "Na vile kuna baridi? Si mathe yako ataganda!"

"Jemadari hakuganda."

"Huko kwao ni joto, wewe. Hapa ni Nairo."

Lilinikosesha raha jambo hilo. Ulikuwa msimu ule wa baridi wa katikati ya mwaka, jua halionekani mpaka saa nane, na sisi watoto tunatoa moshi mdomoni tukijifanya tunavuta sigara. Nadhani Atieno alimwambia mama yake, au labda Mama Atieno aliwaza mwenyewe. Ninachojua ni kwamba Jumapili ya ubatizo ilipofika, mambo yalikuwa yamepangwa.

Makanisa yenye uwezo yalikodi bwawa la kuogelea. Letu halikuwa na uwezo. Vijana walichimba shimo uani mwa kanisa, mchungaji akalitandika turubai la lori lake, na akina mama wakalijaza kwa mitungi tangu alfajiri. Lakini asubuhi ile kulikuwa na kitu kingine. Kuanzia mlango wetu hadi karibu na soko, majiko yalikuwa yamewashwa nje, na juu ya kila jiko kulikuwa na sufuria ya maji. Mama Atieno alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, kwa waliookoka na wasiookoka. Hata wale waliokuwa wanapita upande wa pili wa barabara, baadhi yao, niliwaona wameinama wakipuliza makaa. Maji yakichemka walikunja kitambaa, wakabeba sufuria, wakaenda kuyamwaga shimoni, wakarudi. Mvuke ulipanda juu ya lile shimo. Turubai likaanza kunuka, na harufu yake ikachanganyika na moshi.

Mchungaji aliingia shimoni, maji kifuani, na wabatizwa wengine wakatangulia. Mama aliachwa mwisho ili maji yazidi kupata moto. Aliletwa mkono kwa mkono, amevaa kanzu nyeupe iliyomkaa kama pazia, na wimbo ukapanda. Hapo ndipo nilipomwona Susu.

Alikuja kutoka upande wa soko, ana sufuria yetu kubwa mikononi, ameishika kwa leso, na kile kitambaa chake cheupe cha misheni kichwani. Watu walimpisha. Wimbo ulipungua kidogo kidogo mpaka ukaisha. Susu hakumwangalia mtu. Aliinama ukingoni, akamwaga maji yake taratibu mbali na mchungaji, akakunja mkono wa sweta, akachovya kiwiko kama tunavyopima maji ya kuogeshea mtoto mchanga.

"Bado," alisema. "Ongezeni."

Wakaenda kuongeza. Wakamwaga. Susu akachovya kiwiko tena. "Bado."

Mchungaji, maskini, alikuwa ndani ya maji yale muda wote, na jasho lilianza kumtoka usoni, wakati sisi wengine tunatetemeka. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini kwamba tutakula supu ya mchungaji, na kicheko kikatambaa mpaka mbele. Susu hakucheka. Alipima mara nyingine, kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Sikuja kwa ubatizo," alimwambia mchungaji, ili jambo hilo lieleweke. "Nimekuja mtoto wangu asipigwe na baridi."

Mama alikuwa amesimama ukingoni akimtazama. Susu ndiye aliyemshika mkono akamteremsha.

Ilikuwa desturi kutoa ushuhuda kabla ya kuzamishwa, na watu wengine walisema mpaka vidole vikakunjamana. Mama alisema maneno machache, kwa sauti iliyobaki. "Nimekuja na miguu yangu mwenyewe. Sikuletwa na mtu na sikuletwa na ugonjwa. Nampenda Yesu. Basi." Mchungaji akamkunja mikono kifuani, akamzamisha, akamwinua. Vigelegele vikalipuka. Mama alipumua kwa nguvu, nywele zimemlalia usoni, anatabasamu kama msichana.

Moja, nilihesabu moyoni, nikajiandaa.

Lakini mchungaji alimwelekeza kwenye ngazi. Mama Atieno alikuwa anamngoja na blanketi. Walikuwa wanamtoa! Nilipenya kati ya miguu ya watu mpaka ukingoni nikapiga kelele, "Bado sita!"

Watu waliangua kicheko. Mtu mmoja akasema amina. Walidhani ni utundu wa mtoto. Nikapiga kelele tena, nikamsihi mchungaji amrudishe, nikilia sasa, makamasi yananitoka, mpaka mwalimu wa shule ya Jumapili aliponinyanyua na kunipeleka nyuma ya kanisa. Nikichungulia juu ya bega la mwalimu, nilimwona mama. Ni yeye peke yake ambaye hakuwa anacheka.

Siku ile nilikataa kula. Mama aliniita kitandani akaniuliza nini shida, nikamweleza yote, jemadari na ukoma na mto mchafu na mara saba. Susu alikuwa anachambua maharagwe karibu na mlango. Mikono yake ilisimama. Kidole cha mama kilipita juu ya doa moja mkononi mwake, kikarudi, kikapita tena. Kisha akasema nilale, tutaongea kesho.

Tulikuwa likizo. Asubuhi alimwambia Susu achemshe maji, na kwangu akasema, "Lete beseni na kikombe." Aliketi kwenye beseni katikati ya chumba, mifupa ya mgongo imehesabika, na alinipa kikombe. "Haya. Yaliyobaki."

Nilimwaga nikihesabu kwa sauti kama darasani, mbili, tatu, na kila kikombe alifumba macho, akainamisha kichwa kabisa, akangoja maji yaishe kushuka. Hakuharakisha. Hakutabasamu vile watu wazima hutabasamu wanapocheza na mtoto. Nilipomaliza ya saba nilichukua mkono wake nikaupeleka dirishani. Madoa yalikuwepo. Nilitazama sana, nikaona kama moja limepauka.

"Unaona nini?" aliniuliza.

"Yameanza kuisha."

Alinitazama. Nimekuwa mama mwenyewe sasa, na najua kuna maamuzi ambayo mtu huyafanya katika muda wa kumeza mate tu. "Basi," akasema, "leo mimi ni mzima. Nipe ile nguo yangu ya kazini."

Nguo ya kazini ilimpwaya, akaibana kiunoni kwa pini. Akajipaka mafuta, akanipaka na mimi. Susu alisimama akafungua mdomo, na mama akamwambia, "Mwaitu, kaa." Susu akakaa. Sikuwahi kumwona Susu akitii mtu namna ile.

Tulitoka nje. Mama Atieno alikuwa anaanika nguo kabla ya zamu yake, iliyokuwa ya mchana wiki ile. "Haiya! Mama Mueni, umefufuka?"

"Nimefufuka, na nataka chapati."

Tukaenda sokoni. Alikuwa amerudi, mama yangu wa maneno! Alisimama kwa mama muuza sukuma wiki akamuuliza habari za wajukuu. Alisimama kwa fundi wa viatu akamtania kuhusu kiatu alichompelekea zamani. Alisimama kuangalia sweta ambazo hatukuwa na haja nazo, akasimama kufunga kamba ya kiatu changu iliyokuwa imefungwa. Wengine walimjibu kwa mkato, wengine walimkumbatia. Mimi nilirukaruka mbele yake nikiwaambia watu, mama amepona, mama amepona, na hakunikanusha. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba kila salamu ile ilikuwa pumziko.

Nyumbani aliniruhusu nikande unga, jambo ambalo hakuwahi kuniruhusu. "Kanda kwa nguvu zako zote," alisema, ameegemea ukuta. Nilijiona mtu mkubwa sana. Alisukuma na kuchoma mwenyewe, ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko, na tulikula tukiwa tumekaa karibu karibu, Susu, mama, mimi, na Atieno ambaye pua yake ilikuwa imemleta. Mama aliimba wimbo mmoja wa kanisa la mabati. Ulipofika kwenye kiitikio, Susu aliitikia. Jua lilipotua mama aliomba nimletee kigoda mlangoni, akaketi akitazama watoto wakicheza.

"Umechoka?" nilimuuliza.

"Nimechoka vizuri," alisema.

Kesho yake hakuamka kitandani. Hakwenda tena sokoni. Kabla ya Krismasi tulimpeleka Ukambani kumzika, na Susu ndiye aliyesema kwamba mchungaji wa lori aombe kwanza, halafu ndiyo wa misheni afuate. Watu wa misheni walinung'unika. Susu aliwaambia wasubiri.

Niliokoka nikiwa mkubwa, nikabatizwa katika bwawa safi lenye vigae vya bluu, na wale wenye hekima hunionya nisichanganye imani na ushirikina wa mtoto. Wana haki. Hakuna hesabu ya vikombe inayomponya mtu. Lakini wakiuliza kama Mungu alinidanganya, nawaambia hapana. Mwanamke yule aliingia majini kwa moyo wake wote, na siku iliyofuata alichukua nguvu alizokuwa amebakiwa nazo, zote, akanipa mimi. Sijui mahubiri mengine ya injili yanayozidi hayo. Na bado, nikisema ukweli, sitaki mahubiri. Namtaka yeye. Natamani siku ile irudi, hata si nzima, hata ile sehemu ndogo tu sokoni, tumesimama mbele ya mafungu ya vitunguu ambavyo hatukuwa na mpango wa kununua, mama anauliza bei kwa sauti iliyokatikakatika, na mkono wake umenilemea begani, uzito wake wote umo mle. Nilidhani ananikumbatia. Mpaka leo nadhani hivyo.